Joto la Injini na Kipimo cha Kompresheni: Kwa Nini Geji Husoma Tofauti Asubuhi na Mchana

Injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyofungwa kwenye Probox, Raum, Vitz na IST nyingi zinazotembea katika barabara zetu, imewekewa na kiwanda viwango viwili vya kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda, vinavyohesabiwa kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba): psi 213 kwa injini iliyo katika hali nzuri, na psi 156 kuwa kiwango cha chini ambacho injini haipaswi kukivuka kwenda chini. Tofauti kati ya silinda moja na nyingine haitakiwi kuzidi psi 14. Sasa tuseme injini ya aina hiyo iliyokwisha kutembea sana imepimwa saa moja asubuhi kabla haijawashwa, geji ikasoma psi 150 katika silinda zote nne. Kisha ikapimwa tena mchana ikiwa imetoka safarini, geji ikasoma psi 165. Asubuhi imefeli, mchana imefaulu, na hakuna hata boliti moja iliyoguswa kati ya vipimo hivyo viwili. Fundi aliyepima asubuhi atamwambia mwenye gari kwamba injini ishushwe na ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, zibadilishwe, kazi ambayo gharama yake si ndogo. Aliyepima mchana atamwambia aendelee kulitumia gari lake, ila awe anaangalia oili.

Kati ya hao wawili, mwenye kipimo kinacholingana na kitabu cha kiwanda ni yule wa mchana, kwa sababu maelekezo ya kiwanda yanaanza kwa kuagiza injini ipashwe moto hadi ifikie joto lake la kazi, ndipo izimwe na kupimwa. Namba 213 na 156 ni namba za injini yenye moto, na haziwezi kuihukumu injini iliyolala usiku kucha. Hata hivyo, kuikariri kanuni hiyo hakutoshi. Joto hubadilisha usomaji wa geji kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, baadhi zikiupandisha na nyingine zikiushusha, na fundi asiyezitofautisha atakwama siku atakapokutana na injini inayosoma vizuri ikiwa baridi na vibaya ikishapata moto. Injini za namna hiyo zipo, na usomaji wao una maana mahususi.

Geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi, na ndani yake mna valvu ndogo inayoruhusu hewa kuingia bila kurudi, hivyo mshale hubaki kwenye shinikizo la juu kabisa lililofikiwa wakati stata inaizungusha injini. Uwiano wa mgandamizo wa 1NZ-FE ni 10.5 kwa 1. Kama hewa iliyofungiwa ndani ya silinda ingebanwa kwa uwiano huo bila kuvuja hata kidogo na bila kupoteza joto lolote, shinikizo lake lingefika karibu mara 27 ya shinikizo la hewa ya nje. Kama ingepoteza joto lake lote kwenye kuta za silinda kadiri inavyobanwa, ingeishia mara 10.5 tu. Psi 213 za kitabu, ukizijumlisha na shinikizo la hewa ya nje ambalo geji hailihesabu, ni sawa na mara 15 na ushei, yaani mahali fulani katikati ya mipaka hiyo miwili. Sehemu ya upungufu inatokana na valvu ya kuingizia hewa, ambayo hufunga pistoni ikiwa imekwisha kuanza kupanda, na hilo halibadiliki sana kwa joto. Sehemu nyingine inatokana na uvujaji na upotevu wa joto, na haya mawili hubadilika kila injini inapopoa au kupata moto.

Tuanze na upotevu wa joto, kwa kuwa hapo pana dhana potofu inayosikika mara nyingi. Hewa inapobanwa hupata moto, na moto huo wenyewe huongeza shinikizo. Kuta za silinda zikiwa baridi huunyonya haraka, na shinikizo hushuka. Zikiwa na nyuzi 80 au 90 huunyonya polepole zaidi, na shinikizo hubaki juu. Wapo wanaodai kinyume chake, kwamba injini ya moto lazima isome chini kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Ni kweli kwamba silinda ya moto hubeba hewa kidogo kwa uzito, lakini geji haipimi uzito wa hewa. Stata inapozungusha injini polepole na mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa, shinikizo ndani ya silinda mwanzoni mwa kubana ni karibu sawa na la nje, hewa iwe baridi au ya moto, na shinikizo la mwisho hutegemea shinikizo hilo la mwanzo pamoja na uwiano wa kubana. Wepesi wa hewa hupunguza nguvu za injini inapofanya kazi. Kwenye kipimo cha kompresheni hauna athari ya kutajika.

Uvujaji ni jambo zito zaidi. Pistoni ni ya aluminiamu na slivu, yaani ukuta wa silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni ya chuma cha kuyeyusha, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa kila nyuzi moja ya joto. Pistoni ya 1NZ-FE ina kipenyo cha milimita 75. Ikitoka nyuzi 25 hadi nyuzi 85, hutanuka karibu milimita 0.1, huku tundu la slivu likitanuka karibu nusu yake. Mwanya uliopo kati yao hupungua kwa takriban sehemu tano za mia za milimita, kiasi ambacho ni kikubwa kwa mwanya ambao wenyewe huhesabiwa kwa mia za milimita. Mtu anaweza kusema kwamba anayezuia hewa ni ringi, si pistoni, na atakuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini kila ringi ina ufa pale ncha zake zinapokutana, na hewa inayopita kwenye ufa huo hupenya katika nafasi iliyopo kati ya ubavu wa pistoni na ukuta wa silinda. Pistoni ikitanuka, njia hiyo ya kutorokea hufinywa. Ndiyo maana injini iliyolika pistoni na slivu huonyesha tofauti kubwa kati ya kipimo cha baridi na cha moto, wakati injini mpya, ambayo mianya yake ni midogo tangu mwanzo, huonyesha tofauti ndogo.

Oili nayo inaingia hapa, na inaingia kwa pande mbili zinazopingana. Oili nzito, yaani isiyotiririka upesi, huziba vizuri zaidi kuliko nyepesi, na oili ya kawaida ya 5W-30 ina uzito wa karibu mara sita ikiwa na nyuzi 40 kuliko ikiwa na nyuzi 100. Kwa hesabu hiyo pekee, injini baridi ingepaswa kusoma juu. Lakini injini iliyosimama usiku kucha, au iliyokaa wiki kadhaa ikisubiri vipuri, imekwisha kudondosha sehemu kubwa ya oili iliyokuwa kwenye kuta za silinda, na kilichobaki ni utando mwembamba usio na msaada mkubwa. Gari lililosukumwa hadi gereji baada ya mwenyewe kulipigia stata mara nyingi bila kuwaka lina tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa petroli ambayo haikuungua imeziosha kuta hizo hadi zikakauka. Silinda kama hiyo inaweza kusoma chini sana na kumfanya fundi aamini kwamba ringi zimekwisha, kumbe ringi ni nzima na tatizo lilianzia kwenye koili ya plagi au nozeli ya petroli.

Uzito wa oili baridi una madhara mengine kupitia stata. Kiwanda hutegemea injini izunguke kwa mizunguko 250 hivi kwa dakika wakati wa kupima. Kwa mwendo huo, pistoni hupanda kutoka chini hadi juu kwa sekunde 0.12. Oili ikiwa nzito na betri ikiwa imelegezwa na baridi, mizunguko inaweza kushuka hadi 150, na safari hiyo hiyo ikachukua sekunde 0.2. Hewa imepewa muda mrefu zaidi kwa theluthi mbili wa kuvuja pembeni mwa ringi na kupoteza joto kwenye kuta. Mwanya haujaongezeka hata chembe, lakini geji inasoma chini. Katika gereji nyingi, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kompresheni ndogo ya asubuhi huenda inatoka kwenye betri kuliko kwenye ringi, na ndiyo sababu kipimo kilichofanywa kwa betri isiyojaa, kwa plagi moja kutolewa huku tatu zimebaki, au kwa stata inayosuasua, hakifai kutumika kuamua lolote.

Neno baridi lenyewe linahitaji kupimwa kwa mahali. Injini iliyolala nje Dar es Salaam huamka na nyuzi 20 hivi au zaidi, wakati ile iliyolala Makete au Limuru mwezi wa Julai inaweza kuwa na nyuzi 10 au pungufu. Hizo ni hali mbili tofauti, na pengo kati ya usomaji wa asubuhi na wa mchana litakuwa kubwa zaidi nyanda za juu kuliko pwani.

Nyanda za juu zina jambo lingine ambalo mara nyingi hutwishwa joto bila haki, nalo ni mwinuko. Kwa kuwa shinikizo la mwisho hutegemea shinikizo la hewa ya nje, na kwa kuwa hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina shinikizo la karibu asilimia 81 ya lile la Mombasa, injini nzima ambayo ingesoma psi 213 pwani itasoma karibu 173 ikipandishwa Nairobi. Kile kiwango cha chini cha 156 kwa hesabu hiyo hiyo kinakuwa karibu 127. Maana yake ni kwamba fundi wa Nairobi, Mbeya au Limuru anayeikataa injini yenye psi 145 kwa kuangalia kitabu bila kurekebisha mwinuko anaikataa injini ambayo bado imo ndani ya kiwango. Ikiwa alipima asubuhi ya baridi, makosa mawili yamebebana, na mwenye gari ndiye atakayeyalipia. Hili linaniuma, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi: ongeza 14.7, yaani psi za hewa kwenye usawa wa bahari, kwenye namba ya kitabu, zidisha kwa sehemu ya shinikizo la hewa la mahali ulipo (0.81 kwa Nairobi), kisha toa shinikizo la hewa ya hapo, ambalo kwa Nairobi ni psi 12 hivi.

Sasa twende kwenye injini zinazofanya kinyume, zinazosoma vizuri zikiwa baridi na kushuka zikipata moto. Hapa ringi si mshukiwa wa kwanza. Valvu ya kutolea moshi hufanya kazi kwenye joto la mamia ya nyuzi, kubwa mno kuliko la hedi (kichwa cha injini) inayoizunguka, na kwa hiyo hurefuka zaidi. Mafundi huiachia nafasi kati ya kamshafti inayozifungua valvu na tapeti inayozisukuma kwa sababu hiyo. Kwa 1NZ-FE nafasi hiyo ni milimita 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi na 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa, na hupimwa injini ikiwa baridi, kinyume kabisa na kompresheni. Kiti cha valvu kikilika, valvu hupanda juu na nafasi ile hupungua mwaka hadi mwaka. Inafika siku ambapo injini ikiwa baridi valvu inafunga, lakini ikipata moto inarefuka, inakosa nafasi, na inabaki wazi kidogo. Kompresheni inavujia hapo, na makali ya valvu yanaanza kuungua. Magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia, ambayo sasa ni mengi Dar es Salaam, yanastahili kuangaliwa zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa gesi haina unyevu wa petroli unaosaidia kulinda viti vya valvu. Dereva wa gari la namna hiyo husema linawaka vizuri asubuhi, lakini likizimwa baada ya safari ndefu halitaki kuwaka, au linamisi likiwa kwenye foleni na kutulia likipoa. Kipimo cha baridi peke yake kingemwambia kwamba injini yake ni nzima.

Ufa kwenye hedi, hedi iliyopinda baada ya gari kuchemsha, na gasketi iliyoanza kuungua hufanana na hali hiyo. Metali zikitanuka, ufa unaweza kufunguka au kujifunga, na mara nyingine silinda mbili zinazopakana hushuka pamoja kwa sababu gasketi imekatika katikati yao. Ukiona jozi ya namna hiyo kwenye kipimo cha moto ilhali kile cha baridi kilikuwa sawa, anza na hedi kabla hujafikiria pistoni.

Kuipasha moto injini kwa ajili ya kipimo nako kuna namna yake. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaonyesha joto la maji, na themostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Oili na pistoni hufika baadaye kuliko maji. Kuiacha injini ikiunguruma mahali pamoja kwa dakika tano hakutoshi. Dakika 15 hadi 20 za kuliendesha gari barabarani zinatosha zaidi, au muda mrefu kuliko huo likiwa limesimama, hadi feni ya rejeta iwake na kuzima. Baada ya hapo kuna mvutano ambao fundi mwangalifu hukutana nao: hedi ya aluminiamu ikiwa ya moto sana, nyuzi za skrubu ndani ya tundu la plagi zinaweza kung'oka na plagi, hasa plagi iliyokaa miaka bila kufunguliwa, lakini ukisubiri injini ipoe umepoteza kile ulichokitafuta. Njia salama ni kuzilegeza plagi injini ikiwa baridi, kuzikaza tena kwa kipimo chake, kupasha moto, kisha kuzitoa polepole baada ya dakika chache za kutulia. Mfuniko wa rejeta usiguswe.

Plagi zote zitolewe, koili na nozeli zikatiwe umeme, na throto, yaani ule mlango wa hewa, ishikiliwe wazi kabisa. Kwenye magari ambayo throto yake huendeshwa na umeme, kukanyaga mafuta hakuhakikishi kwamba imefunguka, kwa hiyo ni lazima uitazame. Kila silinda ipewe mizunguko ileile ya kubana, sita kwa mfano, na fundi aangalie jinsi mshale unavyopanda, maana silinda nzuri hupanda kwa nguvu tangu mbano wa kwanza, yenye ringi dhaifu hupanda kidogo kidogo, na yenye valvu inayovuja huanza chini na kubaki chini. Ukimaliza ya nne, rudia ya kwanza. Wakati ulipokuwa unahama kutoka silinda hadi silinda, injini ilikuwa inapoa na betri ilikuwa inaisha, na kama silinda ya kwanza sasa inasoma pungufu ya ilivyosoma mwanzo, basi upungufu wa ile ya nne huenda hautokani na silinda ya nne.

Injini isiyowaka kabisa haiwezi kupashwa moto, na hapo hakuna budi kupima baridi. Kipimo hicho bado kina thamani ilimradi kisilinganishwe na kitabu. Silinda zote nne ziko kwenye joto moja, oili moja na stata moja, kwa hiyo tofauti kati yao ni ushahidi halali, hata kama namba zenyewe ziko chini. Zikisoma 140, 138, 141 na 90, silinda ya nne ina tatizo, baridi au moto.

Kwa silinda hiyo mafundi wengi hutia oili kwa kijiko kupitia tundu la plagi na kupima tena; usomaji ukipanda, ringi hulaumiwa. Kipimo hiki ni kizuri lakini kina mtego ambao watu hawauhesabu. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ya 1NZ-FE ikiwa imefika juu ni kama mililita 39 tu. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, huchukua sehemu ya nafasi hiyo na kuupandisha uwiano wa mgandamizo kutoka 10.5 hadi karibu 11.9, viwili huufikisha karibu 13.7. Kwa hiyo hata silinda yenye ringi mpya itapanda ukiitilia oili. Kwenye injini baridi hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa oili nzito hukaa juu ya pistoni badala ya kusambaa hadi kwenye ringi, na kinachopimwa kinakuwa ujazo wa oili yenyewe. Tia kiasi kilekile katika silinda nzuri pia, izungushe injini kidogo oili isambae, na ulinganishe kiasi ambacho kila moja imepanda.

Kwa dizeli, hoja hizi zote husimama kwa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu joto la kubana ndilo linalowasha mafuta. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ina uwiano unaozidi 22 kwa 1 na hutoa shinikizo ambalo geji ya petroli haikutengenezwa kulibeba, hivyo itafutwe geji ya dizeli. Dizeli iliyochoka kidogo huwaka vizuri mchana na kusumbua asubuhi ikitoa moshi mweupe, na hapo kipimo cha baridi kina haki ya kufanywa pamoja na cha moto, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa baridi. Hita zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha zikaguliwe kwanza.

Pale kipimo cha moto kinapoonyesha silinda moja iko chini na bado haijulikani ni joto, stata au uvujaji, kuna njia ya kuiondoa stata kwenye hesabu. Pistoni hupandishwa hadi juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, injini ikiwa bado ina moto, kisha hewa ya kompresa huingizwa kupitia tundu la plagi, na fundi husikiliza. Injini ishikiliwe isizunguke, maana hewa hiyo ina nguvu ya kuisukuma pistoni. Sauti ya hewa kwenye tundu la kutilia oili inaashiria ringi au slivu, kwenye ekzosi ni valvu ya moshi, na kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye chupa ya akiba ya maji ya rejeta yanaashiria gasketi au ufa. Kipimo hicho kikirudiwa kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi, na sauti ile ikawa imehama au imetoweka, fundi anajua kwamba mwanya anaoutafuta hufunguka kwa moto, na kwamba sehemu ya kufungua kwanza ni hedi.